Filamu Aliyoiacha Hafidh

Kaka yangu Hafidh alikufa filamu ikiwa katikati. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo wifi yangu Tamima anavyosema, na katika jambo hili namwachia aseme apendavyo. Watu wengine wakimtaja marehemu wao husema alikufa baada ya Ramadhani, au mwaka wa kimbunga. Tamima husema, "Alikufa mtoto hajaonekana."

Mtoto mwenyewe ni wa kwenye filamu, mtoto wa Kiingereza aliyepotea katika mji wa mvua. Miezi yote ya eda, wifi yangu alikuwa anataka jambo moja tu katika dunia hii, ajue kama mtoto yule alirudi kwao.

Tunakaa Ibra, huku Omani, nyumba mbili zilizopakana, na ukutani kuna mlango mdogo ambao haujapata kufungwa kwa ufunguo tangu ulipotiwa. Upande mmoja nipo mimi, Fawziya, mjane wa zamani. Upande wa pili walikuwa Hafidh na mkewe. Sote watatu tulizaliwa Unguja, tukaja huku vijana, tukazaa, tukazeekea katika joto hili. Watoto wa Tamima wako Maskati na Sur. Huja sikukuu, hula, huongea Kiarabu na simu zao, kisha huondoka na vyombo vyangu vya plastiki. Kiswahili kilichobaki katika nyumba ile kilikuwa cha watu wawili.

Kiarabu Tamima anacho, lakini ni cha jikoni, cha sokoni na cha kutoa pole. Kurani anaisoma vizuri. Maandishi yale yanayopita chini ya televisheni ndiyo yanayomshinda. Akilishika neno la kwanza, la tatu limeshaondoka. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Hafidh ndiye aliyekuwa nacho, maana alisoma skuli ya serikali Unguja enzi za Waingereza, na huku akafanya kazi ofisi ya maji mpaka akastaafu. Kwa hiyo filamu zote alizoziona Tamima maishani mwake, aliziona kwa mdomo wa mumewe.

Walikuwa na desturi yao. Ijumaa baada ya sala ya alasiri wanakaa kwenye zulia, sahani ya tende katikati, wanaangalia nusu ya filamu. Jumamosi wakati uleule wanamaliza nusu ya pili. Hafidh anaegemea mto, anatafsiri kwa sauti ya chini, mwanamume akizungumza anamtia sauti nene, mwanamke akizungumza anamtia sauti nyembamba. Tamima anadakia, anauliza, anamtukana muuaji. Nikiwa jikoni kwangu nilikuwa nawasikia kupitia mlango ule mdogo, na mara nyingi nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi.

Na filamu alizozipenda kaka yangu zilikuwa za aina moja tu, za wapelelezi wa Uingereza. Mimi sizipendi. Mvua inanyesha tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna anayecheka, kila mtu ana koti refu na siri yake, na mpelelezi ana huzuni kuliko waliofiwa. Siku moja nilimwambia Hafidh kwamba sisi huku tukipata mvua kama ile tutachinja ng'ombe. Aliniangalia tu. Nikakumbuka, nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Nilikumbuka Ghanim. Huyo alikuwa mtoto wao wa kwanza wa kiume, mtoto wa meno makubwa na maswali mengi. Alikuwa darasa la tatu mwaka ule wa mvua kubwa, alipotoka na wenziwe kwenda kuangalia wadi, lile bonde kavu la mto, maji yake yanavyoshuka. Wadi ikashuka kwa mkupuo. Wenziwe waliruka. Yeye maji yalimchukua.

Wanaume wa mtaa mzima walitoka kumtafuta, Hafidh mbele. Wakafuata wadi kwa magari na kwa miguu, wakampata alasiri, mbali sana, upande wa Mudhaibi. Hali aliyokuwa nayo mtoto haikuwa ya kumrudisha nyumbani wala ya kuonyeshwa mama. Wakamwosha hukohuko, wakamsalia, wakamzika kabla ya magharibi. Marehemu mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenieleza.

Hafidh akarudi nyumbani na matope mpaka kiunoni. Tamima akamsimamia mlangoni, akamuuliza. Na kaka yangu, aliyetoka kumteremsha mwanawe kaburini kwa mikono yake, akamwambia, "Bado wanamtafuta."

Usiku ule Tamima alimpikia mtoto. Akamtolea nguo kavu, akamtandikia. Asubuhi mimi nikaingia kupitia mlango mdogo, sijui kwamba hajaambiwa, nikamwambia Mungu akupe subira. Akaniuliza, "Subira ya nini?" Nikamtazama Hafidh, akaangalia chini. Basi nikasema mimi. Sijajuta kusema, maana mtu lazima aambiwe. Lakini kaka yangu nilimwona mwoga, na woga wake nikautia rohoni ukakaa miaka yote. Kazi ya mume kunitupia mimi.

Tamima hakumlaumu kwa maneno. Aliacha kumuuliza mambo, basi. Nyumba ile ikawa kimya, hata kijiko kikianguka nilikuwa nakisikia. Mwaka uliofuata Hafidh akanunua mashine ya video, akaleta kanda kutoka Maskati, akaanza kumsimulia filamu. Taratibu Tamima akaanza kuuliza tena. "Huyu nani? Kwa nini analia? Mbona kavaa viatu kitandani?" Hivyo ndivyo walivyorudi kuzungumza, kupitia Waingereza.

Tamima naye akawa msimulizi. Jumatano, soko la wanawake linapomalizika, jirani zetu hupita kwake na mafurushi yao, tunakunywa kahawa, naye anatusimulia filamu ya wiki. Anasimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiarabu, kwa mikono, kwa macho. Zilikuwa filamu za mauaji, lakini zilikuwa na jambo moja la ajabu ambalo hata mimi sikulitilia maanani. Kila palipokuwa na mtoto, mtoto yule alirudi, au alikuwa yu hai mahali fulani. Yupo kwa shangazi yake Skotland. Yupo kwenye meli, ataandika. Wazee walikufa, matajiri walikufa, mapadri walikufa kwa sumu. Watoto, la.

Mara moja Najla, jirani yetu kijana anayefundisha skuli, alisema, "Bibi Tamima, filamu hiyo mimi nimeiona. Yaani, mtoto yule si alikufa?"

Tamima akamwambia, "Umeona nyingine."

"Wallahi ndiyo hiyohiyo, bibi, yenye treni."

"Treni ziko nyingi Uingereza. Kunywa kahawa yako."

Najla akacheka, akanywa. Baadaye niliwaona yeye na mwenziwe wakitazamana mlangoni. Nilidhani wanamcheka mwenzangu kwa uzee, nikawachukia kidogo.

Filamu ya mwisho Hafidh aliingoja kwa hamu, kwa sababu ilitokana na riwaya aliyokuwa nayo. Kitabu chenyewe kilikaa kwenye rafu ya sebuleni, kimechakaa, alikisoma mara nyingi. Ijumaa ile nilikuwa nimekwenda kuomba ndimu, nikakaa kidogo. Mpelelezi amesimama kando ya bwawa, mvua ndiyo hiyo. Watu waliovaa nguo nyeusi za mpira, za kuzamia, wanatoka majini, wamebeba kitu kilichofunikwa. Mama wa mtoto akapiga magoti kwenye matope.

"Wamepata nini?" Tamima akauliza.

Hafidh alikohoa kwanza. "Begi lake la skuli," akasema. "Mama anamshukuru Mungu, angalau begi limepatikana. Maana yake mtoto alipita hapa."

"Wao wanashukuru kwa kupiga magoti?"

"Wakizidiwa na furaha."

"Na mtoto mwenyewe?"

"Bado wanamtafuta."

Mimi nikachukua ndimu zangu, nikaenda zangu. Jioni Tamima alinieleza kupitia mlango mdogo kwamba wamekomea hapo, na kwamba Hafidh kamwambia asiwe na wasiwasi, mwisho wake ni mzuri, yeye kausoma kwenye kitabu.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Hafidh akaenda kutawadha. Maji yakawa yanatiririka na hayafungwi. Tamima alipokwenda kumgombeza, alimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, na bomba linamwagika miguuni pake. Madaktari walisema moyo.

Nikamkalisha Tamima eda. Mimi ndiye mwenye kujua mambo hayo katika familia, na mambo hayo nayashika sawasawa. Televisheni nikaifunika kanga, ncha nikazifundika nyuma. Kwetu nyumba yenye kizuka, mjane aliye edani, haiwashwi televisheni. Wanawake wakaja, wakasoma, wakala, wakapungua. Watoto wake wakakaa siku za mwanzo, kisha kazi zikawaita. Zikabaki jioni. Alikaa kwenye zulia mahali pake, mto wa Hafidh pembeni, anaitazama kanga.

"Wifi," aliniuliza siku moja, "unadhani wamempata?"

"Nani?"

"Yule mtoto."

Nilimjia juu. Nilimwambia umefiwa na mume, mtu mliyeishi naye umri mzima, na wewe unauliza mtoto wa Kizungu ambaye hata si mtoto wa kweli, kalipwa kuigiza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hafidh alisema mwisho mzuri. Nataka kuuona mwisho wake, basi. Ndicho kitu alichoniahidi, na hakukifikisha."

Nilikwenda kupika.

Aliuliza tena wiki hiyo, na nyingine. Wakati mwingine nilimkuta na kile kitabu mapajani, kimefunguliwa kurasa za mwisho, anapitisha kidole juu ya maneno asiyoyajua. Sijapata kuona upweke kama ule. Watu wanadhani mpweke ni asiye na mtu wa kumtembelea. Tamima alitembelewa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kile kinachosemwa mbele ya macho yake.

Rahaf, mjukuu wake anayesoma chuo Nizwa, alikuja mwisho mmoja wa wiki, akatoa simu. "Bibi, mimi naangalia sasa hivi mwisho wake, dakika moja tu."

"Usiangalie," Tamima akasema. "Eda ikimalizika, utakuja utanisimulia. Kwa Kiswahili."

"Kiswahili yangu si nzuri, bibi."

"Hiyohiyo."

Eda ikamalizika. Nikamwogesha, nikamvalisha, nikaiondoa ile kanga mwenyewe. Ijumaa Rahaf akaja kutoka Nizwa, akatuamkia shikamoo zake mbili, akakaa kati yetu. Tamima alikuwa ameweka sahani ya tende. Mto wa Hafidh aliuacha ulipo, hakuna aliyeuegemea. Nilikaa kwa sababu aliniomba, na kwa sababu, niseme kweli, na mimi nilitaka mtoto yule aonekane ili mambo haya yaishe.

Rahaf akaitafuta filamu mpaka pale walipokomea. Mpelelezi yumo ndani ya gari peke yake, vioo vimejaa mvua, anazungumza kwenye simu.

"Anasema," Rahaf akaanza, "anasema lazima ajue nani amemuua, kabla ya, yaani, dafn."

"Maziko," nikamsaidia.

"Ndiyo, maziko."

"Maziko ya nani?" Tamima akauliza.

"Ya mtoto, bibi."

"Mtoto hajafa. Amepotea."

Rahaf akanitazama mimi. "La, bibi. Huyu amekufa kutoka zamani. Filamu yote ni nani amemuua."

"Hujaona ya nyuma wewe. Rudisha. Rudisha pale kwenye bwawa."

Rahaf akarudisha. Tukaliona bwawa, tukawaona wale watu wa nguo nyeusi za mpira wakitoka na kitu chao kilichofunikwa. Mama akapiga magoti. Tamima akanyoosha kidole.

"Hilo ni begi," akasema. "Begi la skuli."

"Si begi, bibi," Rahaf akasema polepole. "Hiyo ni yeye."

"Na huyu mama anasema nini?"

Rahaf akasikiliza. "Anasema, nataka kumuona. Polisi anasema, usimuone, si vizuri kwako. Yeye anasema, ni mtoto yangu, nataka kumuona."

Sikuweza kumtazama wifi yangu. Nilitazama zulia. Nilisikia pumzi yake, ndefu, kama ya mtu aliyepanda ngazi. Kisha akaanza kuuliza filamu nyingine, moja baada ya moja, kwa utulivu kama anayeulizia habari za jamaa. Msichana wa kwenye treni, aliyechukuliwa na bibi yake? Rahaf anaijua, msichana alikufa. Mvulana wa msituni, aliyekwenda Skotland? Ameuliwa na jirani. Yule wa kwenye meli?

"Bibi, hizo zote ni filamu za mauaji," Rahaf akasema, akataka kucheka, akaona uso wa bibi yake, akaacha. "Nani alikuambia wanarudi?"

Tamima akasema, "Zima, mama."

"Imebaki saa nzima. Mpelelezi atamkamata."

"Zima. Nenda katutilie chai."

Rahaf akazima, akaenda jikoni. Tamima akauvuta mto wa Hafidh, akauweka mapajani, akausawazisha pembe zake.

"Wifi, ulijua?"

"Sikujua," nikasema, na ni kweli.

"Usiku ule nilimchukia," akasema. "Ule alioniacha nikimtandikia mtoto. Nilimchukia muda mrefu, kuliko unavyodhani. Nilikuwa najua amenidanganya mara ile moja." Akapitisha mkono juu ya mto. "Kumbe hakuacha."

Nililia. Sikulia hivyo siku ya maziko, nilikuwa na kazi ya wageni. Nilimwona kaka yangu amekaa kwenye zulia hili Ijumaa baada ya Ijumaa, anaona watoto wa watu wanatolewa majini na msituni, na papo hapo, bila kubadilisha sauti, anatafuta begi la kumpa mkewe. Yeye hakuwa na wa kumpa begi. Kwa nini alizipenda filamu zile, sijui. Labda alihitaji mahali pa kukaa na msiba wake, na hakutaka kumuingiza Tamima ndani. Nilimwita mwoga miaka yote, na sasa hayupo nimwambie kitu.

Tamima hakulia. Alikaa na mto mpaka chai ikaja, akanywa, akamsifu Rahaf kwa iliki. Jumapili alfajiri Rahaf akarudi Nizwa. Filamu hatukuiwasha tena, wala hakuiulizia. Nilimsikia jioni kupitia mlango mdogo, televisheni haisemi, yeye anasema peke yake kwa sauti ya chini. Sikuingia. Niliegemea ukuta wa jikoni kwangu, nikawa pale, basi.

Jumatano soko lilipomalizika wakaja wanawake, mara ya kwanza tangu atoke eda. Walileta halua na vitambaa vya kumwonyesha. Walizungumza bei, ndoa, nani kajifungua, wakimzunguka kwa adabu. Mwishowe Najla akaweka kikombe chini. Nadhani alitaka kumchangamsha tu.

"Bibi Tamima, na ile filamu? Yaani, mtoto wamempata?"

Wote wakamgeukia. Tamima alikuwa anatoa kokwa kwenye tende. Akaitoa, akaiweka kwenye sahani, akafuta vidole.

"Bado wanamtafuta," akasema.

Najla akanitazama mimi. Wanawake wote wakanitazama. Wanaujua mdomo wangu, na walijua kwamba nilikuwepo Ijumaa ile, nikaiona.

"Ndiyo," nikasema. "Bado." Nikachukua dele la kahawa, nikamjazia wifi yangu kikombe.